Mwalimu Hajawaka

Yule fundi redio alikuwa na ulimi usiotenganisha mtu na mali yake. Ukimpelekea redio, ikishatua tu mezani pake inageuka kuwa wewe. "Mama Pacha anakoroma," utamsikia akisema, kumbe spika ya Mama Pacha imepasuka. "Kinyozi kapooza upande wa kushoto." Mkewe, mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa chumba hichohicho, upande wa dirishani, alishamkanya hadi akachoka. "Iko siku utaumbuka," alimwambia. Fundi akacheka. Wateja walimwita Dokta, na jina lile alilivaa kwa maringo kuliko alivyostahili.

Jumatatu, jirani yao mwalimu mstaafu, rafiki yake wa miaka thelathini, ambaye hata wanawe walimwita Mwalimu, alimletea redio yake kubwa ya sebuleni. Haiwaki. Ukibonyeza, kimya, hata taa haipepesi.

"Nitibu haraka, Dokta," alisema Mwalimu. "Kifua kinanibana, daktari wa kweli kaniamuru nilale. Nitalalaje kutwa bila taarifa ya habari?"

"Uzee tu huo. Wewe mzima."

"Mzima kabisa," alisema Mwalimu, akaondoka akishika ukuta.

Fundi akamfungua. Akapima waya wa umeme, akapima plagi, akapima swichi. Fyuzi aliichungulia tu kwenye mwanga wa dirisha: kiwaya ndani ya kioo kimenyooka, nzima, akairudisha. Apime fyuzi kwa mita yake ya mshale, kwani yeye mwanafunzi? Akarukia mambo makubwa, transfoma na wenzake. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Binti wa Mwalimu, aliyekua akila nyumba zote mbili, alipiga simu kila siku, na utani ule alishauzoea.

"Ba'mdogo, Mwalimu amewaka?"

"Bado, mwanangu. Avumilie."

Alhamisi, saa tano asubuhi, simu ikalia. Cherehani ilikuwa inanguruma. Fundi akaibana simu kwa bega, mikono imo ndani ya redio.

"Ba'mdogo. Mwalimu amekufa."

Hakutafuta neno la staha, binti wa watu. Mshtuko haukumpa nafasi ya kuchagua. Na Kiswahili chetu nacho, swali na habari huvaa nguo moja, sauti tu ndiyo hutofautisha, na sauti ilimezwa na cherehani. Fundi akasikia swali.

"Amekufa, tena kitambo!" akajibu kwa bashasha. "Tangu Jumatatu. Matumbo yote nimemtoa, yapo mezani hapa. Akinishinda, mwanangu, tunamng'oa vipuri, maiti tunawapa watoto wachezee."

Simuni kikatoka kilio ambacho hata mshonaji alikisikia, akaondoa mguu kwenye cherehani. Upande wa pili sauti ya mwanamke mwingine ikauliza, "Nani huyo? Kasema nini?" Simu ikakatika.

Fundi alibaki ameishika sikioni. Kifaa chake cha kulehemu kilikuwa kinaunguza meza, moshi unapanda, na hakuna aliyeuona.

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu amekufa."

"Mwalimu yupi?" aliuliza mkewe. Alipomwona mumewe anakalia sakafu, alijua ni yupi.

"Nimesema nini mimi? Nimemwambia nini mtoto wa mwenzangu?" Ulimi ungekuwa na skrubu, angeung'oa palepale.

"Nenda," alisema mkewe.

"Nitaingiaje pale?"

"Kwa miguu." Akajitanda nguo yake, akatangulia.

Fundi hakuweza kuiacha redio ya rafiki yake matumbo nje. Aliirudishia vitu vyake kimoja kimoja, kisha mikono ikaanza upya, kama ya mwanafunzi: waya, plagi, swichi. Safari hii hata fyuzi ikaiwekea mita. Mshale haukutikisika. Kiwaya kilikuwa kimeachia ndani ya kifuniko cha chuma cha ncha ya fyuzi, mahali jicho halifiki. Akaitia fyuzi hiyo mfukoni, akaweka nyingine, akabonyeza. Taa ikawaka, spika zikakohoa, sauti ya mtangazaji ikajaa chumba kizima. Siku tatu zote, kumbe kazi ya dakika moja! Aliizima haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Kwa Mwalimu watu walishajaa uani. Walimpisha, redio begani. Binti alikuwa mlangoni, macho yamemvimba.

"Mwanangu, nilidhani unauliza redio."

"Najua. Mama mdogo ametueleza." Akaitazama ile redio. "Imewaka?"

"Imewaka," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza redio ikawa redio tu.

"Asubuhi, kabla hali haijabadilika, alinituma nikupigie. Alisema, mwambie Dokta apime fyuzi, kwa mita, asiichungulie tu. Nikaona aibu kumfundisha fundi kazi. Nikasema nitapiga baadaye." Akafuta macho. "Ilikuwa nini, ba'mdogo?"

Angeweza kutaja transfoma, mambo yakaishia hapo. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa fyuzi ile, akamwekea kiganjani.

Binti akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mbona nzima?"

"Hata mimi niliiona hivyo," alisema fundi, na hapo ndipo alipolia.