Bei ya Pikapu Yangu Nyeupe

Magari niliyajua kabla sijajua kuandika vizuri. Shule niliacha darasa la tano, kwetu Likasi, na sioni kama nilipoteza kitu. Nifunge macho, uwashe gari, nitakuambia ni ya aina gani, imetembea kiasi gani, na mwenye kuiuza anakudanganya wapi. Miaka yote niliyouza magari ya okazyo, yaliyokwisha tumika, huku Ulaya, Anderlecht, karibu na machinjio, nilikosea bei mara moja tu. Nitaieleza mwenyewe hiyo mara moja, kwa sababu wengine wanaieleza vibaya.

Ilikuwa pikapu ya Kimarekani, ya mwanzo wa miaka ya sabini. Niliinunua mwaka 2004 kwa mama mmoja mjane wa mtaa wa Uccle. Mume wake aliileta kwa meli alipokuwa kijana mwenye pesa, akaiendesha miaka michache, halafu akaifungia gereji mpaka akafa. Yule maman alikuwa na haja na gereji, si na gari. Aliniomba niiondoe kabla ya Jumapili, maana watoto wake walikuwa wanakuja kula. Nikampa huit cents euros, euro mia nane, akashukuru.

Ilikuwa ndefu, nzito, rangi ya chungwa iliyochujuka, na chini ya boneti moteri ya silinda nane, kubwa kuliko friji yetu ya nyumbani. Wamarekani wa wakati ule walikuwa na wazimu fulani: walichukua moteri ya gari la mashindano wakaitia kwenye gari la kubebea mchanga. Ukikanyaga kidogo tu, mkia unacheza barabarani. Petroli inakwisha kabla hujafika Waterloo.

Kawaida ningeituma Lubumbashi kama nilivyotuma nyingine. Sikuituma. Nilisema hii nitaitengeneza kwa mikono yangu, na barabara nzima itajua mimi ni nani.

Ilinichukua miaka miwili, Jumapili baada ya misa na siku za sikukuu. Nilikata sakafu yote iliyooza nikachomelea mpya. Milango niliinyoosha kwa nyundo ndogo, bila kuficha bonde hata moja kwa mastiki. Bon, halafu nikaifanyia yale ambayo kila mtu mwenye akili kwetu angeyafanya. Nikatoa ile moteri mlevi, nikaweka dizeli ya Kijapani niliyoipata kwenye basi dogo lililogongwa nyuma, moteri ambayo fundi yeyote wa Kasumbalesa, mpakani kwetu, anaifungua akiwa anapiga hadithi. Nikainua springi za nyuma ili ibebe tani na nusu. Nikatia bampa ya chuma, ndoano za turubai pande zote, na rangi nyeupe, kwa sababu nyeupe hailiwi na jua na ukikwaruzwa unapata rangi yake duka lolote.

Siku nilipoitoa nje, watu waliacha wateja wao wakaja kuangalia. Jirani yangu wa hangari, Mrundi wa Bujumbura, mtu wa sala tano na maneno elfu, aliizunguka mara tatu.

"Mzee," akasema, "sasa hii imekuwa gari."

"Kwani kabla ilikuwa nini?"

"Kabla ilikuwa kelele."

Ile moteri ya zamani ilikaa kona mwaka mzima. Wafanyakazi waliweka sahani zao juu yake wakati wa kula. Sasa, kwetu sisi tunaotuma magari, kontena halisafiri na hewa ndani. Unapakia magari mawili, halafu kila nafasi iliyobaki unaijaza: magodoro, baiskeli, masufuria, friji iliyojaa nguo. Mwaka 2007 nilipakia mabasi madogo mawili ya mteja wa Lubumbashi, tukajaza, tukajaza, ikabaki nafasi ya ukubwa wa ndama. Hapo ndipo nilipoisukumia ile moteri. Juu yake niliandika kwa rangi jina la shule ya ufundi ya Likasi. Shule hiyo mimi sikuingia. Nilikuwa napita nje nikiwatazama vijana waliovaa ovaroli za bluu.

Baada ya miezi minne directeur wa shule aliniandikia barua yenye muhuri. Walikuwa wameandika jina langu kwenye ukuta wa atelier, karakana yao, herufi kubwa, pamoja na neno "mfadhili". Donc, mtu akitaka kujua mimi ni nani, aende Likasi asome ukuta. Nilikuwa nasema hivyo kila mahali, harusini, msibani, kwa kinyozi wa mtaa wa Matonge. Mke wangu alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza.

Mwaka 2013 mwenye hangari aliamua kuuza. Watu wa kujenga maghorofa walikuwa wameshamwona, lakini yeye alikuwa mzee wa heshima, akasema mimi ni mpangaji wa miaka mingi, atanisubiri mpaka mwisho wa Septemba. Benki ilikubali kunikopesha, kwa sharti nianze mimi kutoa quarante mille, euro elfu arobaini. Sikuwa nazo. Nilikuwa na magari kumi uani ambayo yote pamoja hayakufika hapo, na mfukoni nilikuwa na jina zuri.

Wiki hizo hizo, Jumapili, niliegesha pikapu karibu na soko la Gare du Midi, nilikuwa nimepeleka matairi. Niliporudi nikakuta karatasi chini ya wipa. Mwandiko mbaya kuliko wangu. Mke wangu akaisoma: ni daktari wa meno, amestaafu, anakaa Uccle, anaomba kuiona gari hii kwa utulivu.

Alikuja Jumanne. Viatu safi, shati la pasi. Alitandika katoni chini akalala chali akaingia chini ya pikapu, mtu wa umri ule. Alisugua namba ya chasi kwa kitambaa akaisoma kwa sauti. Alipotoka uso ulikuwa mwekundu. Akanieleza kwamba zilitengenezwa chache, na zilizofika Ulaya anaweza kuzihesabu kwa vidole. Zenye moteri ile kubwa, kama namba ya hii inavyosema, yeye hajawahi kuiona hata moja nje ya picha.

"Monsieur," akasema, "ikiwa na moteri yake yenyewe, natoa quarante-cinq mille. Leo."

Elfu arobaini na tano! Nilimwangalia Mrundi. Mrundi aliangalia juu, kama anayemshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Halafu daktari akafungua boneti. Alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyefungua mdomo wa mgonjwa asikute jino hata moja.

"Moteri iko wapi?"

"Likasi," nikasema. "Nimeipa shule. Jina langu liko ukutani."

Alikaa kwenye tairi, akanifafanulia polepole. Moteri ya kwanza imegongwa namba, na namba hiyo inalingana na ya chasi. Zikiwa pamoja, hiyo ndiyo gari iliyotoka kiwandani. Zikitengana, ni vyuma.

"Na bila hiyo namba?"

"Bila hiyo, una pikapu nyeupe nzuri sana."

Siku hiyo hiyo nilimpigia directeur. Simu ililia muda mrefu.

"Allô, papa wa Bulaya! Shiye huku tunakuombea kila siku."

"Directeur, ile moteri ingali iko?"

"Iko! Iko palepale. Batoto ba huku banaijua kupita bibi yao."

"Nataka kuirudisha huku. Nitawatumia dizeli mbili zinazotembea, na vyombo vya kufungulia."

"Mbili?"

"Mbili."

"Bon, papa. Lakini nitakutumia foto kwanza. Usikasirike."

Picha ilifika kesho yake asubuhi kwenye simu ya mke wangu. Ukuta ulikuwa ule, na jina langu. Chini yake, juu ya meza ya mbao, ile moteri ilikuwa imekatwa. Walikuwa wameipasua ubavu mzima, kuanzia juu mpaka kwenye karta, bakuli la mafuta la chini, na kila kitu kilionekana: pistoni, vali, njia za maji zimepakwa bluu, njia za mafuta njano, mahali pa moto pekundu. Kwenye kona, bila rangi, namba ilisomeka vizuri.

Nikapiga tena. "Nani alikata hivi?"

"Ni batoto ba mwaka wa mwisho, papa. Walimu bote banasema moteri bila kuifungua ni jiwe tu. Bakaikata na msumeno wa mukono. Courant ya umeme haikukuwa. Miezi tatu, kila siku baada ya masomo."

"Kwa mkono?"

"Kwa mukono. Walipima, wakapima tena. Papa, umekasirika?"

Nilikuwa naikuza picha kwa vidole. Ule mkato ulikuwa umenyooka kama ukingo wa mlango. Hapa hangarini nilikuwa na mashine za umeme na watu watatu wenye karatasi za ufundi, na hakuna hata mmoja ambaye angenipa mkato ule. Nikamwambia sijakasirika. Dizeli moja nitatuma vilevile.

Mrundi aliiangalia picha kwa muda, kisha akanivuta pembeni.

"Mzee, namba si unayo hapo?"

"Ninayo."

"Basi shida iko wapi? Uholanzi kuna watu wa magari ya Kimarekani, unanunua moteri kama ile. Namba yake tunaisugua. Namba za chuma za kugonga ninazo, nyundo ninayo. Unamwambia daktari imerudi kutoka Likasi, maana hadithi umeshampa wewe mwenyewe. Yeye anajua meno, hajui mambo ya kontena."

Sitajifanya mtakatifu. Kilometa za magari nimezirudisha nyuma, na kwenye barabara yetu asiyefanya hivyo alikuwa hajafika. Nilimpigia Mholanzi mmoja wa magari hayo. Alikuwa nayo moja, deux mille, elfu mbili, na angeileta mwenyewe. Nilipiga hesabu usiku mmoja na mchana mmoja. Hangari ilikuwa yangu, ilibaki kugonga namba nane za chuma.

Tatizo lilikuwa mdomo wangu. Tangu asubuhi ile nilikuwa nimeshaionyesha picha kwa watu. Nilikuwa nimeituma kwa kinyozi, kwa mabwana wa kwaya, kwa shemeji yangu wa Liège, kwa wateja wawili ambao hata sikuwajua vizuri. Angalieni, niliwaambia, angalieni shule inavyotumia moteri yangu, angalieni kazi ya watoto wa Likasi. Kuificha sasa nisingeweza, na sikutaka. Ukiniuliza lipi kati ya hayo mawili lilikuwa zito zaidi, nitakuambia nilikuwa na haraka, ilikuwa Jumamosi.

Nilivaa koti nikaendesha pikapu mpaka Uccle. Daktari alinikaribisha uani kwake, chini ya miti mirefu. Nikaweka simu mezani, picha ikiwa wazi.

Alivaa miwani. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama gari. Akauliza nani alikata, kwa chombo gani, kwa muda gani. Nikamweleza yote. Akasema maishani mwake ametoboa meno mengi, anajua mkono usiotetemeka ukoje. Kisha akavua miwani akawa mnunuzi tena.

"Onze mille," akasema, yaani elfu kumi na moja. "Kwa bodi, kwa chasi, kwa sababu ni nadra. Nitatafuta moteri ya aina ile, hata kama namba hailingani. Nitaondoa dizeli, nitashusha springi, nitatoa bampa na ndoano, nitairudishia rangi ya chungwa."

"Utaondoa kila kitu?"

"Kila kitu ulichoongeza, Monsieur. Ndiyo kazi yenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Milango aliisifu, alisema hiyo ataiacha. Nikamwambia nitafikiri. Kutoka Uccle mpaka Anderlecht, dizeli haikukohoa hata mara moja.

Mwisho wa Septemba ulifika na onze mille isingeniokoa. Mzee mwenye hangari alinishika mkono kwa mikono miwili, akatia sahihi na wale watu wa maghorofa. Nilihamia upande wa Vilvoorde, kando ya mfereji, mahali padogo penye kodi kubwa. Mrundi alipata kona yake hatua chache kutoka kwangu, kwa hiyo maneno hayakupungua. Pale Anderlecht pana maghorofa sasa, watu wanatundika baiskeli kwenye baraza.

Novemba alikuja mteja kutoka Lubumbashi, mjenzi, anatafuta mabasi madogo ya kubeba wafanyakazi wake. Aliyaangalia mabasi bila haraka. Akasimama mbele ya pikapu.

"Papa, ile nyeupe ni ya nani?"

"Yangu."

Akafungua boneti, akaona dizeli, akacheka peke yake kama aliyekutana na ndugu ugenini. Akalala chini bila katoni. Akapanda nyuma, akashika ndoano ya turubai, akajining'iniza kwa uzito wake wote, na yeye si mwembamba. Haikusogea.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Miye."

"Weye mwenyewe?"

"Hii mikono, unaiona."

"Papa, uko fundi. Hii inaenda Kolwezi na simenti, inarudi, haiulize muntu njia." Alishuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Neuf mille, elfu tisa. Sina zaidi, na sitaki kukuambia uongo."

Mke wangu alikuwa mezani anaandika karatasi za mabasi. Aliinua kichwa.

"Papa watoto," akasema taratibu, "daktari si alisema onze?"

"Daktari anataka ile ya chungwa," nikasema. "Andika."

Alinitazama kidogo, kama anavyomtazama mtoto anayetaka kutoka bila koti. Kisha akaandika neuf mille, akagonga muhuri, akamuuliza mteja kama kahawa yake anakunywa na sukari.