Asubuhi za Mama na Wifi Yangu

Mama alipotoka hospitalini baada ya kupata kiharusi, upande wake wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yalimtoka moja moja, kwa taabu. Tuliamua asirudi kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya jengo letu, bali akae kwa kaka yangu. Mimi na kaka tunaishi jengo moja pale Kinoo, kwenye kiwanja alichotuachia baba; yeye na mkewe wako chini, mimi niko ghorofa ya juu, na ngazi zetu ni nyembamba. Nilikuwa wa kwanza kusema kwamba uamuzi huo ni sawa. Lakini mimi ndiye binti wa pekee. Wiki zote alizolazwa, nilikuwa nikitoka ofisini Upper Hill jioni, nateremka kwa miguu hadi wodini, namlisha uji kwa kijiko na kumpaka mafuta miguuni. Nilidhani akirudi nyumbani nitabaki kuwa mtu wake.

Jumatatu ya kwanza nilishuka mapema kumwamkia kabla ya kwenda kazini. Nilimkuta kwenye benchi la barazani, amejifunga shuka, ameketi bega kwa bega na mke wa kaka yangu. Wote wawili walikuwa wamefumba macho. Nilifikiri wanasali, nikasimama kwenye ngazi nisiwakatize.

"Vuta pumzi, Mama. Taratibu. Sasa iachilie," wifi yangu alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya chini, lafudhi ya Kakamega ikisikika kidogo. Walifanya hivyo mara kadhaa. Kisha akasema, "Mimi nashukuru kwamba jana mvua ilisubiri mpaka nikaanua nguo. Na wewe?"

Midomo ya Mama ilihangaika kutafuta neno.

"Nashukuru... chai."

"Chai ya jana jioni?"

"Ndiyo. Ilikuwa... moto."

Wifi akacheka. Akamuuliza leo anataka kuweza nini. Mama akashika sweta yake kwa mkono wa kushoto na kusema atafunga kifungo. Kimoja tu. Wifi akasema yeye atamaliza kushona pazia la mteja, maana ana cherehani nyumbani na hiyo ndiyo kazi yake. Wakaitikia "amina" pamoja kama watu waliokubaliana jambo la siri.

Nilishuka, nikasalimia, nikambusu Mama, nikatoka kwenda kazini. Njia nzima ya Waiyaki Way niliwawaza wale wawili kwenye benchi, na sikutaka kuuita huo wivu. Nani anamwonea wivu mtu anayemuuguzia mama yake?

Kuanzia siku hiyo nikawa nashuka mapema kila asubuhi, na nilikuwa na sababu yangu. Nilitaka kusikia atakachoshukuru. Alishukuru jua. Alishukuru paka wa jirani aliyekuja kulala miguuni pake. Alishukuru ndizi iliyoiva vizuri. Asubuhi moja aliushika mkono wa wifi yangu, akauinua kidogo na kusema, "Huu." Wifi akainamisha uso, machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mkoba begani, nikisubiri zamu yangu, na zamu yangu haikufika.

Nilimwambia kaka. Alikuwa anapiga viatu rangi.

"Sasa wewe unakasirikia nini?" aliniuliza. "Mama anapata nafuu. Si hicho ndicho tulichokuwa tunataka?"

"Sijakasirika."

"Basi kunywa chai."

Nilijaribu kuwa mtulivu kama mke wake. Ofisini nilijifungia chooni, nikafumba macho na kuvuta pumzi mpaka mwenzangu akagonga mlango kuuliza kama niko sawa. Nilijiwekea malengo. Nilianza kushukuru kila usiku kabla ya kulala, lakini shukrani zangu zote zilikuwa na mwiba. Nashukuru nina kazi, hata kama kuna watu wanashinda nyumbani na Mama. Nashukuru nina afya, hata kama hakuna anayeiona. Wifi yangu alizidi kuonekana mwepesi. Majirani walimwambia amenawiri. Hata mchungaji, aliyekuja kumtembelea Mama, alimsifu wifi kanisani Jumapili iliyofuata kwamba familia yetu imebarikiwa kupata binti. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu.

Basi Jumamosi moja nikasema leo Mama atakuwa na mimi. Wifi hakubisha; alituachia benchi akaenda ndani kwenye cherehani. Nilimwambia Mama avute pumzi, akavuta. Nilimwambia leo lengo letu ni kufika getini. Sikungoja ajibu. Nikamshika mkono, tukaanza, na kila alipotaka kusimama nilimhimiza, "Twende, Mama, karibu tunafika." Getini hapakuwa mbali. Lakini katikati ya ua magoti yalimwishia nguvu, akateleza mikononi mwangu taratibu, akaketi kwenye saruji. Hakuumia. Aliniangalia kutoka pale chini.

"Unanipeleka... kama mtu... aliyechelewa kazi."

Wifi alitoka mbio na uzi ukiwa bado umening'inia shingoni. Mama akanyoosha mkono kwake. Nilikuwa karibu zaidi, lakini alinyoosha kwake.

Baadaye kidogo wifi yangu alifiwa na shangazi yake, akasafiri kwenda kwao na kaka akamsindikiza. Nilichukua likizo. Sitasema uongo: nilipoona gari lao likiingia barabarani nilifurahi. Asubuhi iliyofuata nilimkalisha Mama kwenye benchi, nikajifunga shuka lile lile, nikafumba macho. Nikasema, "Vuta pumzi, Mama."

Hakuvuta. Nilipofungua macho nilimkuta ananitazama, na hakuwa na hasira.

"Hiyo... ni yetu na yeye," akasema.

"Kwa nini, Mama? Mimi si mtoto wako?"

Ilimchukua muda mrefu kunieleza, na mara nyingine ilibidi nikisie neno kisha yeye atikise kichwa. Mwaka uliopita, kabla Mama hajaugua, wifi yangu alipoteza mimba iliyokuwa imeshakua. Hilo nililijua, nilikwenda kumwona, nikampelekea matunda. Kitu ambacho sikujua ni kwamba kwa miezi mingi baada ya hapo alikuwa anaamka gizani kabla ya mtu yeyote, anaketi pale barazani, analia. Muuguzi mmoja alikuwa amemfundisha kuvuta pumzi hivyo, kutafuta kitu kimoja cha kushukuru hata kama ni kidogo kama chumvi, na kuchagua jambo moja tu la kufanya siku hiyo. Alikuwa anajaribu peke yake na hakuweza. Mama, aliyekuwa akikaa wakati huo katika nyumba yake ndogo ya nyuma, alimsikia. Alikuja akaketi karibu naye. Akashukuru kitu, naye akashukuru kitu. Walifanya hivyo karibu kila asubuhi, hadi siku Mama alipoanguka.

"Aliniambia... usimwambie mtu."

"Na mbona umeniambia mimi?"

"Kwa sababu... unaumia."

Nilitaka kusema siumii. Nilikwenda jikoni, nikaleta minji, njegere mbichi za maganda, nilizokuwa nimenunua kwa mama mboga, nikamwaga kwenye ungo kati yetu, tukaanza kutoa maganda. Mkono wake wa kulia ulishikilia ganda, wa kushoto ukafungua. Nyingi zilianguka chini. Tuliongea kuhusu baba, kuhusu shule yangu ya msingi, kuhusu jinsi nilivyokuwa nakataa kula mboga. Hatukufumba macho wala kuweka lengo lolote. Wiki hiyo yote tulikaa hivyo, na ingawa ilikuwa wiki nzuri, kila asubuhi, ule wakati wao ulipofika, niliona Mama akitazama mlango.

Wifi aliporudi, Mama alilia kwa furaha kama mtoto. Nilibeba mabegi ndani.

Mama alifika getini mwezi uliofuata. Nilikuwa ofisini wakati huo. Wifi alinitumia video. Niliitazama nikiwa dirishani, juu ya barabara za Upper Hill zilizojaa magari. Mama anatembea na mkongojo, anasimama anapotaka, anaendelea, na hakuna anayemhimiza. Anashika chuma cha geti kwa mkono wa kulia. Sauti ya wifi inasikika nyuma ya simu ikisema, "Umeona? Umeona?" Niliirudia mpaka chaji ikapungua. Nililia, na katika machozi yale furaha na wivu vilichanganyika hivi kwamba sijui hadi leo kipi kilikuwa kingi.

Jioni nilimfuata wifi yangu jikoni. Nilimwambia, "Nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu siku ya kwanza."

Alikuwa anakata sukuma wiki.

"Najua, wifi," akasema. "Nilikuwa nakuona kwenye ngazi." Kisha akaongeza, "Na mimi mama yangu yuko mbali. Nikikusikia ukimwita Mama asubuhi, siku nyingine naziba masikio."

Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kukata.

Siku hizi Mama anatembea hadi kanisani, polepole. Bado wanakaa barazani asubuhi, nami nashuka kwa wakati wangu, wanapokuwa wamemaliza. Wivu huja bado, hasa nikiwasikia wakicheka. Jumapili iliyopita niliwasikia wakicheka chumbani mpaka wifi akawa anakohoa. Nikaingia, nikauliza wanacheka nini. Walinieleza, mmoja akimkatiza mwingine: habari ya jogoo fulani na mwanamke wa kwaya. Sikuona cha kuchekesha. Nikavuta kiti, nikawaomba waanze tena.