Mlango wa Nyumba 0417

Ijumaa ya wiki ya pili baada ya Pasaka, mwaka 1999, saa tisa alasiri, Eustaki wa maabara aliingia chumba cha kompyuta na kikaratasi mkononi. Alikiweka juu ya kibodi ya Dativa, katikati kabisa, ili asije akasema hakukiona.

"Sampuli 2216," alisema. "Mjamzito. Damu gramu nne. Nitafutie ni nani na yuko wapi, leo hii hii. Huyu anatakiwa kuongezwa damu."

"Nitakupatia," Dativa alijibu.

Alidanganya, na alijua anadanganya. Ukurasa wake ulikuwa umekufa tangu asubuhi.

Kwa asiyezijua kazi za ofisi ile, ngoja nieleze. Ulikuwa mradi mmoja pale Ifakara wa kufuatilia afya ya wajawazito. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, wakapiga namba kwa rangi nyeupe kwenye kila mlango, wakatoa damu kidogo kwa kila mama aliyekubali. Kichupa cha damu hakikuandikwa jina, namba tu, ili siri za watu zisizagae maabara. Namba ya kichupa na jina la mtu vilikutana mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta kubwa iliyokaa pembeni ikivuma kutwa nzima, waliyoiita seva. Ukitaka kumjua mtu, ulifungua ukurasa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, ukaandika namba, na programu fupi aliyoiandika Dativa ikaingia huko ndani kukutafutia.

Zamani kulikuwa na madaftari. Mvua za mwaka uliotangulia ziliyalowesha yakageuka uji, na hapo Dativa akapata la kusema. Alimwendea mkuu wa mradi, Mama Konsolata, akamwambia karatasi zimepitwa na wakati, fomu zikishaingizwa kwenye seva zichomwe, maana ni mrundikano tu na siri za watu zimo humo. Mama Konsolata alimwamini. Kila Ijumaa mchana fomu zilichomwa shimoni nyuma ya ofisi, na Dativa mwenyewe ndiye aliyeshika kiberiti.

Hakuwa mtu mbaya, binti huyu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Lipangalala, kidato cha nne na cheti cha kupiga chapa. Aliajiriwa kuingiza takwimu. Mtaalamu wa Kiswisi aliyekuwapo, Bwana Urs, aliona kwamba msichana huyu haingizi takwimu tu, anauliza zinakwenda wapi. Akamfundisha kuandika programu, jioni moja moja, kwa miezi minne. Januari mkataba wa Bwana Urs ukaisha akarudi kwao, akamwachia daftari la kurasa ishirini na mkono wa kwaheri. Toka hapo Dativa akawa ndiye fundi. Mama yake aliutangaza ufundi huo jumuiya nzima, na kanisani watu walimwangalia kama vile kompyuta ile aliizaa yeye.

Sasa mtu wa namna hiyo anaanzaje kusema kwamba imemshinda?

Kila alipoandika 2216 na kubonyeza, kioo kilimjibu kwa Kiingereza chenye adabu zake zote kwamba kuna kosa la ndani ya seva, kosa namba mia tano, na kwamba awasiliane na msimamizi. Msimamizi alikuwa yeye. Alijaribu 2215, jibu lile lile. Akajaribu namba za mwaka jana ambazo juzi tu zilikuwa zikifunguka vizuri, jibu lile lile. Alijaribu kuyafungua mafaili ya takwimu moja kwa moja, lakini Bwana Urs alikuwa ameyafunga kwa namna ambayo macho ya mtu hayaambulii kitu ila vijidude na alama za kuuliza.

Daftari la Bwana Urs, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, lilisema wazi: ukiona mia tano, usibahatishe, soma kwanza logi. Logi ni faili ambamo seva huandika kila kinachoikwaza. Sasa logi ile ilifunguka kwa neno la siri la msimamizi mkuu, na neno hilo lilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa kabatini kwa Mama Konsolata. Kuiomba bahasha ni kusema nimeshindwa. Basi fundi wetu akaruka mstari wa kwanza akaanza na wa pili.

Saa kumi Mama Konsolata alichungulia mlangoni na mkoba wake begani.

"Dativa mwanangu, kila kitu salama?"

"Salama, Mama. Umeme tu ulikuwa unasumbua, nangoja utulie."

"Haya, Jumatatu."

"Jumatatu, Mama."

Alipokuwa anayasema hayo kikaratasi cha Eustaki kilikuwa chini ya kiganja chake. Ofisi ilipofungwa alikitia kwenye sidiria akaenda nacho nyumbani.

Jumamosi aliazima ufunguo kwa mlinzi kwa kisingizio cha kufuta vumbi, akakaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi. Alipitia programu yake mstari kwa mstari, mistari themanini na sita. Kila nukta na mkato aliukagua kama mtu achaguaye mawe kwenye mchele. Alibadilisha ruhusa za faili. Akakumbuka Bwana Urs aliwahi kusema kwamba faili likipita kwenye disketi kutoka kompyuta ndogo kwenda seva hubeba alama zisizoonekana mwisho wa kila mstari, akaziondoa zote kisha akajaribu, mia tano. Aliandika programu nyingine ya mistari mitatu tu, isiyofanya kitu ila kusema habari. Hiyo ikafunguka mara moja, ikamwambia habari. Dativa alilia kwa hasira. Seva ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kwenye kazi yake.

Jumapili alikwenda misa. Padri alisema nini hakusikia. Mbele yake alikaa mama mmoja mjamzito, na Dativa alitazama shingo yake misa nzima akijiuliza kama ndiye. Wakati wa kuombea wagonjwa alitaka kusimama akimbilie kwa Mama Konsolata, ambaye alikuwa safu ya pili kutoka mbele, hatua ishirini tu. Hakusimama. Alijiambia kesho asubuhi na mapema nitaimaliza, hakuna atakayejua. Aibu ikishakukamata shingoni inakutafutia maneno matamu hivyo hivyo.

Jumatatu saa mbili unusu Eustaki alipita na kikombe chake cha chai.

"Yule mama wa gramu nne wamemlaza wodi gani? Nilikuwa nataka nimwone hali."

Dativa aliinamia kibodi. Eustaki alimwangalia, kisha akaangalia kioo cha kompyuta, kisha akaweka kikombe chini taratibu.

"Dativa. Usiniambie."

Dativa alipita pembeni yake, akaenda moja kwa moja ofisi ya mkuu, akapiga magoti pale sakafuni kama mtoto.

"Shikamoo Mama. Nimekosa. Ukurasa haufanyi kazi tangu Ijumaa. Nilikudanganya. Naomba bahasha."

Mama Konsolata hakugomba, na Dativa angefurahi kama angegomba. Alisimama, akafungua kabati, akampa bahasha, akamwambia, "Ukimaliza tutaongea. Sasa nenda."

Logi ilifunguka. Ilikuwa imejaa mstari mmoja tu, umejirudia mara mia na kitu, mara moja kwa kila jaribio lake la siku tatu. Na mstari wenyewe haukuwa wa seva wala wa Bwana Urs. Ulikuwa wa Kiswahili, maneno yake mwenyewe aliyoyaandika mwezi wa pili akayasahau: "Nyumba 0417 ipo mahali pawili. Haiwezekani. Nasimama."

Alikuwa ameweka sharti. Programu kabla ya kujibu lolote ikague nyumba zote, na ikikuta nyumba moja imeandikwa vijiji viwili isimame papo hapo, maana lazima kuna aliyekosea. Alijiona mjanja siku ile alipoliandika. Nyumba haina miguu, itakaaje Lipangalala ikakaa na Minepa, ng'ambo ya mto?

Akabaki ameshika kichwa. Kwa sababu jibu alilijua. Alilijua kabla hajajua kusoma. Kila Desemba, mvua zikianza, baba yake aling'oa mlango wa nyumba yao ya Lipangalala, mlango wa mninga ambao babu aliuchonga, akajitwika, wakahamia wote shambani ng'ambo hadi mpunga uvunwe. Nani aache mlango mzuri mjini uibiwe, halafu alale kwenye kibanda cha shamba huku kiko wazi? Nusu ya mtaa walifanya hivyo. Dativa mwenyewe utotoni alibeba bawaba na misumari ndani ya kopo, akitembea nyuma ya mlango wa baba yake.

Na wao wa mradi wakaenda wakapiga namba za nyumba kwenye milango.

Mlango namba 0417 ulihama na mwenyewe. Wapimaji wa ng'ambo wakaukuta Minepa, wakaandika wanachokiona, na takwimu zao zikaingizwa Ijumaa asubuhi. Seva ilifanya kile kile ilichoamriwa. Dativa aliweka alama ya kufungia mistari minne ya sharti lake ili seva isiisome tena, akahifadhi, akaandika 2216. Ukurasa ukafunguka bila kusita: Agnella, mke wa Severini, miaka ishirini na tisa, ujauzito wa miezi minane, nyumba 0417, Lipangalala. Chini yake tena: nyumba 0417, Minepa, mashambani.

Kazi nzima ilimchukua dakika ishirini. Alitazama saa ya ukutani asiamini.

"Lipangalala ni karibu, tuanzie huko," Eustaki alisema, funguo za gari mkononi.

"Hapana. Watu wako uliko mlango. Twende ng'ambo."

Walivuka kwa kivuko. Gari likawafikisha mpaka pale matope yalipolikataa, wakavua viatu wakaingia kwa miguu katikati ya mpunga uliowafika kiunoni. Iliwachukua karibu saa nzima, wakiuliza kila dungu la mlinda ndege walilopita. Dativa aliuona mlango kwa mbali kabla ya kuiona nyumba. Ulikuwa wa bluu, umesimamishwa kwenye ukuta wa matete, na juu yake tarakimu nne nyeupe.

Severini, mzee wa makamo, alikuwa nje anachemsha maji. Ndani mkewe alilala kwenye mkeka, midomo na viganja vyeupe kabisa, anahema kama aliyetoka kukimbia. Eustaki alimvuta kope chini akaangalia, akaacha.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Wiki nzima alikuwa anachoka," Severini alisema. "Lakini Jumamosi bado alikuwa anatembea. Amelala jana mchana, hakuamka tena vizuri. Nilikuwa natafuta watu wa kunisaidia kumbeba, wote wako mbali mashambani."

Jumamosi bado alikuwa anatembea. Dativa alilisikia hilo neno likaingia na halikutoka.

Hakukuwa na machela. Severini alitazama huku na huku, kisha akachukua panga akazing'oa bawaba, akaulaza mlango chini, akatandika kitenge. Wakamweka Agnella juu yake. Severini na Eustaki walishika mbele, Dativa akashika nyuma pamoja na jirani mmoja aliyesikia kelele akaja mbio. Matope yaliwavuta miguu, mlango ukayumba, na mara mbili Dativa alianguka kwa magoti lakini mikono hakuishusha. Njia nzima tarakimu zile zilikuwa usoni pake, sifuri, nne, moja, saba, na mkono wa mama wa watu ukining'inia pembeni yake. Alisali kwa sauti, bila kuona haya. Aibu yote ilikuwa imekwisha, na imekwisha ikiwa imechelewa.

Hospitali walimwongeza damu usiku ule, chupa ya Severini na chupa ya Eustaki. Ya Dativa haikulingana. Agnella alipona. Mtoto alizaliwa Jumanne asubuhi, wa kike, hakulia. Daktari alisema mtoto huyo angeweza kuishi kama mama angefika siku mbili mapema, akalisema vile madaktari wasemavyo, huku anaandika.

Alhamisi Severini alikuja ofisini. Alikuwa amevaa shati safi. Mlango wake alikuwa ameuegemeza ukutani pale nje, ameuosha matope. Dativa alitoka akamkuta amesimama juani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushukuru. Mke wangu jana amekunywa uji. Yule mdogo Mungu amemchukua, ni mapenzi yake. Lakini wewe ulitutafuta mpaka huko kwenye matope, hakuna aliyewahi kututafuta hivyo. Mungu akubariki."

Akanyoosha mikono yote miwili kumpa mkono. Dativa aliitazama mikono ile. Mama Konsolata alikuwa amemwambia kwamba kazi ataendelea nayo, na kwamba habari za zile siku tatu zitabaki ndani ya ofisi. Angeweza kuipokea ile mikono, mzee akaenda zake.

"Baba, usinishukuru," alisema. "Namba ya mkeo nilipewa Ijumaa. Ijumaa saa tisa. Kompyuta ilinishinda nikaona aibu kusema, nikanyamaza mpaka Jumatatu."

Severini alibaki amenyoosha mikono. Kisha akaishusha, akaifutia kwenye suruali ingawa ilikuwa safi.

"Ijumaa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Jumamosi alikuwa anatembea."

Mzee aligeuka, akainama, akajitwika mlango wake kichwani, akashika njia ya kivukoni. Namba ilikuwa imetazama nyuma, na Dativa aliisoma mpaka ikawa ndogo isiyosomeka.