Msitu Tuliowafyekea Wageni

Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya msitu. Nikisema msitu usifikirie ile hifadhi yenye kima na watalii. Ni ukanda tu wa mishai na mikuyu, chini yake vichaka vilivyofungana hadi mbuzi akiingia unamsikia tu, humwoni. Ukanda huo unashuka kutoka barabara ya Lushoto mpaka bondeni kwenye chemchemi. Juu mji unakua, chini tunalima kabichi na maharage, katikati ipo ile miti. Pembezoni wazee wa zamani walipanda masale, yale majani marefu ya kuwekea mpaka. Huku kwetu ukikuta isale huulizi tena, unageuza na panga lako.

Niliolewa hapa nikitokea Gare, na kitu cha kwanza mama mkwe alichonionyesha hakikuwa jiko, ilikuwa chemchemi. Akaniambia maji haya yanapenda giza, ukiyaondolea giza yanahama. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikamjibu kwa jiografia, kwamba vichaka na majani yaliyooza vinaishika mvua ili izame ardhini isikimbie. Akanitazama.

"Ehee," akasema, "si ndicho nilichokwambia?"

Basi tukasikia watu wa mipango miji wanachora ramani mpya ya viwanja. Sikukasirika. Nyumba zinahitajika, asikudanganye mtu. Mdogo wake mume wangu analala na mkewe sebuleni kwetu, na asubuhi napita juu ya miguu yao kwenda kuwasha moto. Tulichosema ni kimoja tu: ng'ambo ya barabara kuna shamba la mikaratusi lililotelekezwa, wajenge huko, watuachie msitu wa maji. Mwenyekiti wa kitongoji akatuambia wataalamu watakuja kukagua, na wakiridhika kwamba ni msitu wataupaka kijani kwenye ramani na hakuna atakayeugusa.

Sasa hapo ndipo tulipojiua wenyewe. Kwetu mgeni hapokelewi kwenye magugu. Harusi, msiba, ziara ya askofu, kabla hata ya kuku kukamatwa watu wanafyeka njia na kufagia uwanja. Mwenyekiti akatangaza msaragambo, kila nyumba itoe mtu na fyekeo lake, tuusafishe msitu kabla wageni hawajafika.

Nilisimama mkutanoni, mtoto mgongoni. "Shikamoo mwenyekiti. Hivyo vichaka ndio msitu wenyewe. Tukivifyeka tutawaonyesha nini?"

"Marahaba. Tutawaonyesha kwamba panatunzwa."

Mzee mmoja wa kanisa akadakia, "Binti, kwani kwenu Gare wageni mnawakaribisha kwenye upupu?"

Watu wakacheka hadi wakapigana mabega. Mama mkwe akanivuta kanga kutoka nyuma. "Kaa chini. Unabishana na wakubwa, watasema nimekufundisha mimi."

Nikakaa.

Walifyeka huku wanaimba nyimbo za kwaya. Wanawake tukafuata na fagio, tukafagia chini ya miti kama uwanja wa kanisa siku ya Pasaka. Vijana wakapaka mawe chokaa wakayapanga kando ya njia mpaka chemchemini. Jua liliingia mahali ambapo sikuwahi kuliona, na ukiwa barabarani ungeweza kuona maji yanang'aa kule chini. Palipendeza. Nakuambia palipendeza, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka natamani kupiga mtu.

Wageni wakaja wawili, mwanamume mwenye kishikwambi na dada mmoja aliyevaa buti za mpira, kumbe buti zenyewe hakuzihitaji. Hawakushuka hata bondeni. Mwanamume akasimama barabarani akaangalia.

"Mlisema kuna msitu. Uko wapi?"

"Ndio huu, mheshimiwa," mwenyekiti akasema kwa furaha. "Tumeusafisha."

"Nimeona. Hii ni miti iliyobaki kwenye uwanja." Akamgeukia mwenzake. "Andika 'eneo wazi'. Lina njia, mteremko unafaa kwa viwanja."

Nikamwambia, "Kaka, juzi hapa ulikuwa hupiti. Wamefyeka kwa ajili yenu."

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

Kisha wakakaribishwa kula. Wali, kuku, na mapea kwenye sinia. Yule mwanamume akanawa mikono akasema wagoshi, watu wa Tanga, kwa ukarimu hamjambo.

Ramani ilipobandikwa ukutani ofisini kwa mtendaji nilikwenda kuiangalia. Kijani kilikuwepo. Kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mikaratusi, kwa sababu kule hakuna aliyejisumbua kufyeka. Mti unaokunywa maji kuliko ng'ombe ndio umelindwa. Msitu wa maji ulikuwa umekatwakatwa viboksi, kila kimoja na namba yake. Tukalalamika, tukaambiwa muda wa pingamizi umepita. Yule mzee wa kanisa akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakushika fyekeo. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilianza na shikamoo, na ukishasema shikamoo maneno mengine hayatoki.

Viwanja walichukua watu wa mjini. Shemeji yangu hakupata, bado yuko sebuleni. Bikoni za zege za mipaka ya viwanja zimesimikwa, na masale yameng'olewa yakatupwa mtaroni, mizizi juu.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Walipomwita kwenye msingi wa kwanza nilimwambia asiende.

"Nisipochimba mimi atachimba mwingine."

"Basi achimbe huyo mwingine."

"Na huyu atakunywa uji wa nani?" Akamwonyesha mtoto kwa kidole.

Akaenda.

Kiangazi hiki chemchemi haijakauka, inavuja tu. Zamani ulizamisha ndoo ukainua. Sasa nachota kwa kikombe, nikigusa chini tope linainuka, nangoja litulie, nachota tena. Mama mkwe hashuki tena, anasema magoti, lakini si magoti. Na siko peke yangu pale. Kujenga kunataka maji, na bomba halijafika kwenye viwanja, kwa hiyo vibarua wanateremka na madumu yao kuchota ya zege, wananipita, wananisalimia vizuri tu. Wa kwanza wao nilimwuliza nani aliwaonyesha hapa.

"Fundi alitwambia tufuate njia yenye mawe meupe," akasema. "Imefagiliwa, dada, huwezi kupotea."