Waya Kwanza, Kifuniko Baadaye

Pale kituo cha mafuta walimwita Mama Waya, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kupokea malori ya petroli, na kabla ya lolote alibana klipu ya waya kwenye chuma cha lori. Ncha ya pili ilifungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Waya kwanza, kifuniko cha tangi baadaye: ndiyo sheria. Miaka tisa alitii bila kuuliza, na kwa mdadisi kama yeye hiyo ni ajabu ya mwaka.

Asubuhi moja kavu, klipu ilipogusa chuma, cheche ikaruka. Tak! Akaitoa, akagusa tena. Kimya. Tangu hapo hakutulia: kwa nini mara ya pili hakuna kitu?

Jibu lilimjia akifua. Alikuwa ameunganisha bomba la ndoo iliyojaa na bomba la pipa kwa mpira. Maji yakatoka kwenye ndoo, yakaingia kwenye pipa lenye kimo cha chini, yakasimama vimo vilipolingana, ingawa pipa lilikuwa na maji mengi zaidi.

"Kumbe hayagawani nusu kwa nusu!" alimwambia mumewe. "Yanatafuta kimo kimoja tu. Lori nalo linapanda kimo cha umeme njiani. Ukiliunganisha na ardhi, umeme unakimbia mpaka vilingane. Ile cheche ndiyo mbio zenyewe! Mara ya pili vimeshalingana."

"Na shati langu limelingana na nini?" mume akauliza. "Maana bado chafu."

Wiki hiyo lori lililetwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva mgeni kazini. Mama Waya alipofika, kifuniko kilikuwa wazi na mvuke wa petroli ukinuka kote.

"Bana upesi, shemeji, nimechelewa!"

Mkono uliozoea haungoji akili. Wake ulikuwa umeshanyooka. Ukabaki upana wa kidole klipu iguse chuma. Akaurudisha: cheche ingerukia ndani ya mvuke ule.

"Funga kwanza."

"Si sheria ni kubana waya?"

"Funga, nimesema!"

Akafunga huku akinung'unika. Wakangoja hadi harufu ikaisha kabisa. Mama Waya akabana klipu.

Tak!

Shemeji akapatazama pale cheche iliporuka, kisha kifuniko.

"Juzi kule kituo kingine nilifungua kwanza," alisema polepole. "Na jana pia."