Chupa Tupu ya Afisa wa Maji

Mama mkwe wangu hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Jirani akituletea maharagwe kwa sufuria, sufuria itarudi na mayai, au ndizi, au chumvi kidogo kama nyumbani hakuna kitu kingine. Mimi niliolewa huku kutoka ng'ambo ya Sotik, na kwetu pia tunajua adabu, lakini huyu mama alinizidi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilirudisha bakuli la watu likiwa limeoshwa tu vizuri, naye akanifuata njiani mbio, vitunguu mkononi. Nimemtania kwa jambo hilo hadi wajukuu wakachoka kulisikia.

Soko letu jipya, upande huu wa Roret, limejengwa mahali palipokuwa na yadi ya nguzo za umeme. Miaka mingi malori yalileta mikaratusi pale, ikachovywa kwenye dawa nyeusi iliyonuka kama lami, kisha ikalazwa juani huku ikidondosha. Sisi hatukuona ubaya wowote. Tuliomba vipande vilivyobaki tukajengea ua wa ng'ombe, tukisifu jinsi mchwa walivyovikataa. Baadaye mwenye yadi alifunga akaenda zake, na kaunti ikachukua kiwanja ikajenga soko la vibanda vya mabati, vyoo vya kisasa na tangi kubwa la kukinga maji ya mvua. Mimi nikapata kibanda cha chai. Mama mkwe akapata meza ya kuuzia sukuma wiki na mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, karibu kabisa na ua wa chini.

Ng'ambo ya ua huo mteremko unashuka hadi kwenye chemchemi tuliyokunywa sote tangu zamani. Mafundi walipochimba msingi wa soko, harufu ile ya lami ilitoka ardhini. Kaunti ikazungushia chemchemi waya, ikaleta lori la maji, na kutoboa mashimo membamba kuzunguka kiwanja. Kila shimo liliwekwa bomba la plastiki lenye kifuniko cha chuma na kufuli. Tuliambiwa ni ya kupimia maji ya chini, ili ijulikane kama dawa ya nguzo bado inashuka. Bomba moja lilitokeza karibu na miguu ya mama mkwe. Aliliita jirani, na kwenye kifuniko chake akawa anaweka kibuyu cha mursik.

Aliyekuja kupima alikuwa msichana wa upande wa Merigi, afisa wa maji wa kaunti, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Nakiri sikumtarajia arudi. Nimeona wakubwa wengi wakija huku kupiga picha na kuahidi, kisha vumbi la gari lao likawa ndilo la mwisho tulilopata kutoka kwao. Lakini yeye alirudi, na akarudi tena, kwa mvua na kwa jua, akibeba kisanduku cha barafu begani. Nilianza kumpenda kabla sijajua jambo lolote kuhusu kazi yake.

Kazi yenyewe alituonyesha bila kuchoka. Maji yaliyolala bombani hayafai kupimwa, kwa hiyo anayatoa kwanza yote kwa kikopo kirefu chembamba kilichofungwa kamba. Anayamwaga ndani ya mtungi wake wa kubebea uchafu. Kisha anangoja maji mapya yaingie yenyewe kutoka ardhini, na hayo ndiyo anayojaza kwenye chupa ya kupeleka maabara. Wakati wa mvua alingoja muda mfupi tu. Ukame ulipoingia, bomba la karibu na mama mkwe lilichelewa sana kujaa, na msichana akawa anaiacha chupa yake tupu juu ya kifuniko, anakuja kwangu kunywa chai na chapati.

Majibu ya wakati wa mvua yalisema dawa bado ipo. Majibu ya ukame yakaja yakisema maji ni safi. Yaliyofuata pia, safi. Soko zima lilifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa maana binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua na mtoto alikuwa ameanza kunywa uji. Maji ya lori hayakuwa na siku maalumu. Mara nyingine tulikaa tukiangalia mtungi mkavu huku mtoto akilia, na chemchemi iko pale chini, unaisikia ikichuruzika. Chifu akaitisha baraza la kuifungua. Mheshimiwa wetu wa kaunti angekuja kukata waya kwa mkono wake mwenyewe, maana mheshimiwa hawezi kuachia wengine waya kama huo.

Wiki ya baraza, jioni moja, tulikuwa jikoni tukichuja maziwa. Binti yangu alikuwa akimlisha mtoto. Nikasema kwa utani kwamba afisa wetu wa maji anakunywa chai nyingi kuliko maji anayoyapima. Mama mkwe akacheka, akasema hata yeye anamsaidia. Nikauliza anamsaidiaje.

"Hiyo bomba inachelewa sana," akasema. "Mgeni anaacha chupa yake hapo tupu, na atarudi nayo mbali. Mimi naongezea bomba maji kidogo ya tangi. Akitoka chai anapata imejaa."

Alisema hayo kwa furaha, na hakuacha kuchuja. Nilimuuliza kufuli aliifunguaje. Akasema kufuli iliondoka zamani na watu wa vyuma chakavu, siku hizi kuna jiwe tu, na msichana mwenyewe huliondoa kwa mguu.

Mdomo wangu huwa hausubiri ruhusa. Nilisema maneno ambayo mkamwana hamwambii mama mkwe, tena kwa sauti ya juu. Nilimwambia kwamba kilichopimwa ni mvua ya paa la soko, kwamba hakuna anayejua kilicho chini, na kwamba keshokutwa huyo mtoto aliye mbele yake angepikiwa uji kwa maji hayo. Mume wangu alichukua kofia akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Binti yangu aliweka kijiko chini. Mama mkwe alimtazama mtoto, kitukuu wake wa kwanza, akafunika maziwa, akaenda kulala bila kula.

Niliogopa. Kunyamaza sikuweza. Kusema kulikuwa ni kumpeleka mama wa mume wangu mbele ya serikali na mbele ya majirani aliowajazia vyombo maisha yake yote. Asubuhi nilimpigia simu yule msichana, nikamweleza kila kitu, na nikamwomba, kama inawezekana, asitaje mtu. Akaniambia asante, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata habari ya msiba. Siku hiyo hiyo alikuja, akatoa maji yote bombani, akaketi chini kando yake hadi maji ya ardhini yalipoingia. Nilimpelekea chai pale pale. Hakuinuka.

Barazani watu walijaa hadi kwenye ngazi za vyoo. Msichana alisimama akasema majibu ya ukame hayawezi kuaminika, maana maji mengine yaliingia bombani, na chemchemi haitafunguliwa mpaka maabara iseme upya. Kelele zikapanda. Mheshimiwa, aliyekuja na mkasi wake wa waya, alisema kuna mtu ameharibu kazi ya serikali na ni lazima atajwe. Msichana akajibu kwamba kama wanatafuta wa kulaumiwa, waiandike ofisi yake.

Hapo mama mkwe akainuka. Nilimshika leso, akaivuta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti anayotumia kutaja bei ya sukuma, kwamba maji ni yeye aliyatia, na kwamba hakutaka mgeni arudi na chupa tupu. Kila mtu pale aliwahi kupokea chombo kutoka kwake, na wote walielewa. Wachache walianza kucheka, na mimi niliwatazama mpaka wakaacha.

Msichana aliacha mahali pa wakubwa, akapita katikati ya watu akaja kusimama kando yake.

"Kogo, hii si makosa yako," alisema, akimwita nyanya kwa lugha yao. "Bomba ilitakiwa kuwa na kufuli, na kufuli ni kazi ya ofisi. Kukaa hapo kungoja maji ni kazi yangu, na mimi nilienda kunywa chai. Hatukuwahi hata kukuambia chupa tupu pia ni jibu."

Nimeishi miaka mingi na sijasikia mtu wa serikali akisema maneno ya namna hiyo mbele ya watu, tena bila kulazimishwa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilimshukuru pale pale moyoni, na bado namshukuru. Angeweza kunyamaza na majibu yake safi, akapigiwa makofi. Angeweza kumwachia mama mkwe mzigo wote, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alikumbuka kwamba maji yale ni ya watu na kwamba yeye amewekwa hapo ayalinde.

Majibu mapya yalipokuja, dawa ilikuwapo, nyingi kuliko wakati wa mvua. Nilipoambiwa niliketi kwenye gunia la unga. Binti yangu alikuwa na mtoto mgongoni, amelala, mate yamemlowesha mama yake shingoni, na nilimwangalia yule mtoto siku nzima. Waya wa chemchemi ulibaki. Kwa kelele za baraza lile, na sikatai kwamba za kwangu zilikuwamo, kaunti ilituvutia bomba la maji kutoka kilima cha juu, ambako hakujawahi kuwa na yadi. Leo kuna mfereji karibu na kibanda changu. Kila asubuhi ninapoufungua kujaza sufuria ya chai, namwombea yule msichana, na siku nyingine hata mheshimiwa, kama nimeamka vizuri.

Kupima hakujaisha. Tuliambiwa kutaendelea miaka mingi, kwa sababu dawa hutembea polepole ardhini. Mabomba yote yana kufuli mpya. Mama mkwe haweki tena kibuyu juu ya jirani yake, na mtu akisogea pale na ndoo anaulizwa maswali ambayo hata chifu hawezi kuyajibu.

Ukame uliopita ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza. Msichana alikuja, akatoa maji machache yaliyokuwamo bombani, akaketi chini kungoja. Mama mkwe aliketi naye. Jua lilipanda, likapita, na bomba halikutoa hata tone. Mara kadhaa nilimwona mama mkwe akitazama tangi la mvua, kisha akigeuza uso. Mwishowe msichana aliinuka, akafunga kufuli, akaandika kwenye lebo kwamba bomba lilikuwa kavu, akaitia chupa ndani ya kisanduku chake.

Mama mkwe alimsindikiza hadi kwenye gari. Pale mlangoni alimwomba aione chupa. Akaishika, akaizungusha, akaifuta vumbi kwa leso yake, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nenda nayo hivyo," alisema. "Iko tupu."

Gari lilipoondoka alibaki amesimama akiutazama mkono wake kama ulikuwa wa mtu mwingine. Niliushika tukarudi pamoja sokoni, na siku hiyo sikumtania.