Ramani ya Westlands

Ukimwambia fundi wetu wa cherehani hapa Voi kwamba unaenda Nairobi, nguo yako imekwama. Anaacha kushona, anachukua chaki na kuchora Westlands juu ya kitambaa chako, hata kama wewe unaenda Rongai. "Usishangae maghorofa, watakujua mgeni. Na kahawa ya pale usiagize, ni bei ya kuku." Chaki inapita mikahawa na maduka, inakata kona, inafika kwenye geti. Hapo husimama kila mara. Juzi nilichoka, gauni langu bado vipande, nikamuuliza ndani ya geti kuna nini.

"Sijui, Mama Shanice. Nilimpelekea mwanangu ndizi, akasema kwa simu niziache kwa mlinzi."

Gauni nililipata Jumamosi. Geti la chaki bado liko kiunoni, sijalifuta.